Mlima Si Friji

Gatitu, jioni, kabla hujarudi kutoka Skuta

Wanjiku, mama yangu,

Mama yako amekwisha kukuambia habari za soksi za sufu, za kupiga simu ukifika, za kutolala na nywele mbichi, na za yule kijana wa bodaboda ambaye anadhani mimi simwoni. Hayo sitayarudia. Mimi nimekaa hapa nje kwenye benchi, goti la kushoto nimelinyoosha juu ya ndoo, na nimechukua daftari lako la zamani la sayansi lililobaki na kurasa tupu kwa nyuma. Wewe umeenda Skuta kumuaga shangazi yako, na najua hatakuachia mlango mpaka ule mara mbili. Kwa hiyo nina muda wa kuandika, kama mkono hautachoka kabla yangu.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kikuyu changu cha wiki hizi tatu kimekuwa cha kugombana tu. Tena Kiswahili ndicho nilichopikia miaka yote kule juu mlimani. Kambini tulikuwa na watu wa Meru, wa Embu, wa Kirinyaga, na Waislamu wawili kutoka Nanyuki, na ukitaka chumvi uliiomba kwa lugha ambayo kila mtu anaielewa. Nikiwa na jambo zito huwa linanitoka vizuri zaidi kwa lugha hiyo ya jikoni. Na nina jambo zito, Wanjiku. Nimelibeba tangu ulipokuwa mchanga, na nimechoka nalo kuliko nilivyowahi kuchoka na mzigo wowote wa mlimani.

Linaanza na jibini. Najua umecheka. Wewe na ndugu zako mmekuwa mkisema baba yenu anaweza kuzungumza habari za jibini tangu chai ya asubuhi mpaka githeri ya jioni. Vumilia mara hii ya mwisho.

Kwenye meza utakuta vipande viwili vya jibini ngumu, vimefungwa kimoja kimoja kwa kitambaa cha pamba. Kitambaa nilikichovya kwenye siki nikakikamua mpaka kikabaki na unyevu kidogo tu. Vyote viwili bado vina nta yake upande wa ganda, sijaikwangua. Utaniuliza mbona nisivifunge kwa nailoni kama watu wote. Ni kwa sababu jibini inapumua. Ukiifungia ndani ya nailoni inatoka jasho, jasho likikosa pa kwenda linageuka utelezi, na hapo mambo yamekwisha kuharibika hata kama pua yako bado haijajua. Kitambaa kinaiacha ipumue, na siki inazuia ukungu kwa siku kadhaa. Ukungu ukitokea juu ya jibini ngumu, usishtuke. Kata upana wa kidole gumba kuzunguka pale, utupe, uendelee. Ikitokea kwenye ile laini nyeupe, usikate. Tupa yote.

Haya nilipaswa kuyajua kabla sijaitwa mpishi mkuu. Niliyajua baadaye, na kuna mtu mwingine aliyelipia ujinga wangu.

Ulikuwa na wiki sita. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimepandishwa kutoka msaidizi wa jikoni kuwa mpishi mkuu wa kikundi chetu cha kupandisha wageni, na nilitembea Naro Moru yote na kofia nyeupe hata siku ambazo sikuwa na kazi. Mama yako alikuwa ananicheka. Alisema hata nikienda kukamua ng'ombe navaa kofia. Wapagazi walianza kuniita Baba Wanjiku, na nilipenda sana kuitwa hivyo, kwa sababu wewe umepewa jina la mama yangu mzazi, na kila walipoita nilisikia kama wanamwita yeye.

Miongoni mwa wapagazi alikuwako mtu wa rika langu kutoka pande za Kerugoya. Tulimwita Mwea, kama yale mashamba ya mpunga ya pande za kwao, kwa sababu hakula chakula cha kambi. Alibeba mchele wake mwenyewe kutoka nyumbani, na sufuria yake ndogo yenye kifuniko kilichopinda. Ulipozaliwa alikuja mpaka hapa Gatitu na kilo tano za mchele wa pishori, amezibeba begani, akakaa pale ulipo mti wa parachichi sasa, akakushika. Mama yako anaikumbuka siku hiyo. Wewe ulimkojolea.

Naona kalamu inasimama. Jina hilo unalijua, na unalijua kwa namna nyingine kabisa. Ngoja nifike huko kwa utaratibu.

Wageni walikuwa sita, na mmoja wao alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, aliyekuja na binti yake. Alikuwa ameota kusimama kwenye kilele cha Point Lenana tangu ujana, na alisema wazi kwamba hatapata nafasi nyingine, moyo wake hautamruhusu mwaka ujao. Binti yake aliniambia baba yake anapenda jibini nyeupe laini, ile inayopakwa kwenye mkate kwa kisu. Nikataka kujionyesha. Nikanunua Nanyuki, tena nyingi, nikaifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikaukaza fundo, nikaiweka kwenye kasha la chakula lenye kufuli. Ufunguo ulikaa shingoni mwangu. Hiyo ndiyo desturi ya kambi na ndivyo utakavyoikuta kesho: mpagazi hubeba kasha, lakini mpishi ndiye anayefunga, ndiye anayefungua, na ndiye anayesema likae wapi.

Wageni walichelewa. Gari lilisimama uwanjani Nanyuki tangu asubuhi, kasha liko nyuma chini ya bati, na jua la Nanyuki unalijua. Mimi nilikuwa nimekaa ndani ya hoteli mbele ya sahani ya nyama. Mwea akaja akasimama mlangoni.

"Baba Wanjiku," akaniambia, "hii box iko kwa jua tangu saa tatu. Si tuiweke chini ya mti hapo?"

"Wacha box yangu," nikamjibu. "Mlima ni friji. Tukifika juu itapoa."

Watu waliokuwa mezani walicheka. Ulikuwa msemo wetu sisi wapishi, mlima ni friji, na tuliuamini kama Zaburi. Ni kweli kule juu usiku maji yanaganda kwenye sufuria. Lakini jibini haiharibikii kule juu, mama. Inaharibikia chini, kwenye gari lililosimama na getini mnapongoja karatasi kukaguliwa. Inaharibikia pia mgongoni mwa mtu anayepanda huku anatoa mvuke, na ndani ya hema mchana, maana jua likipiga turubai hata kwenye baridi ile ndani kunakuwa jiko. Ikishaanza kuharibika huku chini, baridi ya huko juu haiwezi kuirudisha ilikotoka. Nimeona wapishi wenye nywele nyeupe wasiolijua hilo.

Mwea alisimama kidogo, akasema sawa, akarudi kukaa kwenye kivuli cha gari.

Siku ya tatu tulikuwa kambi ya juu. Nilifungua kasha saa kumi jioni ili kuandaa vitafunio. Nilipolegeza fundo la ule mfuko, harufu ilinifikia kabla ya mkono wangu. Juu palikuwa na utelezi wa rangi ya manjano. Wanjiku, nilijua. Sitaki uwaze kwamba sikujua. Pua ya mpishi haidanganyiki, ni mpishi mwenyewe anayejidanganya. Nilifikiria kutoka kwenye lile hema nimwambie yule mzee kwamba jibini yake imeharibika, mimi mwenye kofia nyeupe, na miguu ilikataa. Nikakwangua ule utelezi. Nikaiosha kwa maji ya chumvi. Kisha nikaipaka kwenye mkate na kuioka motoni mpaka ikawa nyekundu, nikaongeza vitunguu, nikasema moyoni kwamba moto unaua kila kitu. Moto hauui kila kitu. Kuna sumu inayobaki pale hata ukichemsha, na hilo niliambiwa na daktari miaka mingi baadaye, nikiwa nimejifanya nauliza kwa niaba ya mtu mwingine.

Yule mzee alikula vipande vinne. Alinishika mkono akanishukuru.

Kabla ya chakula cha usiku alikuwa ameanza kutapika, na wengine watatu pamoja naye. Kiongozi wetu alidhani ni ugonjwa wa mlima, kama ambavyo mtu yeyote angedhani pale. Akaamuru mzee ateremshwe usiku uleule kwa machela. Walimbeba wapagazi wanane, na mmoja wa wale wa mbele alikuwa Mwea, kwenye matope, tochi mdomoni. Mzee alipona, namshukuru Mungu. Lakini aliondoka Kenya akiamini kwamba ni umri uliomshinda. Binti yake aliniambia baba yake alilia garini akisema mwili wake umemwaibisha. Na mimi nilikuwa nimesimama hapo nimeshika begi lake.

Baada ya siku chache mkubwa wetu akatuita Naro Moru, sote. Hakuwa mjinga. Alikuwa amegundua kwamba wale wageni wawili wasiopenda jibini hawakuugua. Akaniuliza mbele ya watu, "Hii cheese ilikaa wapi siku ya kwanza?"

Nikasema, "Ilikuwa kwa box. Box ilikuwa na porter."

"Porter gani?"

Nikasema, "Mwea. Niliambiwa aliiacha kwa jua."

Niliambiwa. Sikia hilo neno. Nilikuwa nimesimama pale na ufunguo shingoni. Mwea alikuwa kando ya rundo la mahema, na aliponitazama sikuona hasira. Alinitazama kama mtu anayengoja umalizie sentensi. Sikuimalizia. Mkubwa akamuuliza kama ni kweli, naye akasema, "Kama mpishi amesema, basi ni hivyo." Akaokota sufuria yake yenye kifuniko kilichopinda, akaondoka kwa miguu kuelekea barabarani. Jina lake likafutwa kwenye orodha. Nilisikia kwamba alijaribu vikundi vingine, akazunguka mageti yote ya upande wetu, na kila alipofika habari ilikuwa imemtangulia: huyu ndiye aliyewalisha wageni sumu. Akarudi kwao Kerugoya kupasua mawe.

Ningeweza kukuambia kwamba nilifanya hivyo kwa sababu nilikuwa na mtoto mchanga nyumbani, na mtoto huyo ni wewe. Nimejaribu kujiambia hivyo mara nyingi. Lakini siku ile sikukuwaza wewe hata kidogo. Niliwaza kofia. Usije ukadhani una deni lolote katika dhambi ile, huna.

Sasa nakuja kwenye sehemu inayoniuma zaidi, maana ile ya Naro Moru niliifanya mara moja, na hii niliifanya miaka.

Nilirudi nyumbani mapema kuliko nilivyotarajiwa. Mama yako akauliza kumetokea nini. Nikamsimulia, nikamweka Mwea mahali pangu. Aliniuliza tu, huku anachuja maziwa: "Kwani siku hizi porter ndio hukaa na kifunguo ya box?" Nikamjibu kwa ukali. Hakuuliza tena mpaka wiki tatu zilizopita. Lakini wageni wakija nilisimulia tena, na nyinyi mlipokua niliwasimulia nyinyi, na kila mara hadithi iliongezeka chumvi. Mwea akawa mnene. Mwea akawa amelikalia kasha juani akila wali wake. Mwea akawa amelala. Mlicheka mpaka mkaanguka kwenye viti, nami nilipenda kuwaona mkicheka. Hata ikawa ni neno la nyumba hii. Mtoto akiacha maziwa wazi, "Wewe Mwea!" Akisahau nguo kwenye kamba mvua ikinyesha, "Leo tumekuwa na Mwea." Wewe mwenyewe jana ulimwambia mdogo wako alipoacha friji wazi, "Acha u-Mwea." Nilikuwa nimekaa hapahapa. Nilimeza chai ikapita kombo.

Mtu aliyenibebea mtoto wangu na mchele, nikamgeuza tusi la watoto wangu.

Sasa turudi wiki tatu nyuma. Ulikuja mbio kutoka steji na karatasi mkononi. "Dad! Nimepata! Naro Moru, assistant cook!" Ukasema mwenye kikundi ni Mzee Muriuki, na kwamba alipoona jina langu kwenye karatasi zako alilisoma tena, halafu akasema, "Nilifanya kazi na babako. Alikuwa mpishi safi sana." Ulinitazama ukingoja nifurahi. Nami nikakuambia mlima si wa wasichana.

"Dad, si ni wewe ulinifunza kupika nikiwa class four?" ukaniuliza. "Sasa ni nini?" Nikachukua ndoo nikaenda kukamua. Tangu siku ile unaniwekea chai kwenye stuli na kuondoka, nami nainywa peke yangu. Mama yako alinijia jioni ileile akasema, "Wewe, hiyo si maneno ya mlima. Kuna kitu ingine umekalia." Yeye ananijua.

Muriuki ni Mwea, Wanjiku. Ndiye. Alipasua mawe, kisha nasikia alirudi mlimani kwa upande wa Chogoria ambako hawakumjua, akaanza tena kwa kubeba kuni, akawa msaidizi, akawa mpishi, na sasa ana kikundi chake. Na siku alipopata nafasi ya kunisema mbele ya mtoto wangu, alisema nilikuwa mpishi safi. Nimelifikiria neno hilo kila siku tangu ulilete. Angalau angenitukana ningelala.

Mlima ni wa wasichana. Ni wa mtu yeyote mwenye miguu na akili, na wewe una vyote viwili kunishinda. Unapika vizuri kuliko mimi katika umri wako, na chapati zako zimenishinda hata sasa. Nilisema vile kwa sababu niliogopa. Niliona siku utakapokuwa jikoni kwake, mtu aache kasha juani, nawe umwambie kwa kicheko, mbele yake, "Acha u-Mwea." Niliona uso wake. Halafu nikaona wako. Nilikuwa tayari ukose kazi uliyoitafuta mwaka mzima kuliko nionekane nilivyo. Hiyo ni mara ya pili nimetaka mtu mwingine alipe. Nisamehe.

Kwa ya jikoni sina mengi. Baada ya goti kunikataza mlima nilifunga vikapu vya watu wa safari za siku moja pale lojini, unakumbuka, na huko nilijifunza kwa utaratibu yale ambayo ningejifunza kwa kumsikiliza mpagazi mmoja mlangoni mwa hoteli. Chupa za maji zigandishwe tangu jana yake zikae chini ya kasha, na jibini ikae juu, isigusane nazo. Soda za watu ziwe na kasha lao, kwa sababu mtu mwenye kiu hufungua mara kumi na kila mara anaingiza joto. Kata itakayoliwa tu, kwa kisu kikavu, na iliyorudi kwenye sahani isirudi kwenye kipande kizima. Vidole vya watu vimeigusa. Kule juu, ile ngumu iweke katikati ya begi, kati ya nguo, mbali na mgongo na mbali na jiko, la sivyo usiku itaganda na asubuhi itamomonyoka kama unga. Ile laini iache Nanyuki. Yeyote anayeitaka aile siku ileile, kivulini, kabla ya geti.

Na ukiwa na shaka, tupa. Kila mpishi atakuambia hivyo. Hawakuambii ile nusu ya pili. Kutupa ni kazi rahisi, unafungua mkono tu. Kazi ni kutoka kwenye hema uwaambie watu, jibini imeharibika, nimeitupa, kosa ni langu, leo mtakula mayai. Yule mzee angekula mayai. Huenda kesho yake angesimama pale juu, na Mwea angekuwa mjomba wako kwa mazoea, anakuja na pishori kila Krismasi. Nimewaza hesabu hiyo mara nyingi nikiwa nakamua. Majuto ni mjukuu, lakini wangu amekwisha kukua na ana ndevu.

Mara mbili nilianza safari ya kwenda kwake. Ya kwanza niliishia Karatina, nikanunua viazi nikarudi navyo, kana kwamba vilikuwa ndiyo nia. Ya pili nilifika Kerugoya kabisa, nikaelekezwa kwenye machimbo, nikamwona kwa mbali ameinama na nyundo. Nikasimama nyuma ya lori mpaka likaondoka. Nilipobaki wazi, nikaondoka na mimi.

Jua limeingia nyuma ya Nyandarua, na mama yako anapita akinitazama huku akijifanya anatafuta kuku. Nimemwambia. Nimemwambia leo mchana, kabla sijakushikia kalamu. Aliendelea kuchambua maharagwe kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Nilijua. Nilikuwa nangoja uniambie, nikachoka." Halafu akaenda akaniletea kitambaa cha kufungia jibini, kile kizuri, cha harusi ya dada yake. Sijui alimaanisha nini. Nimekitumia.

Vipande ni viwili. Kimoja ni chako. Cha pili ni cha Muriuki. Nilikuwa nimepanga ukipeleke, pamoja na salamu, na labda na karatasi ndogo. Lakini nilipokuwa nakaza fundo niliona nafanya nini: nakupa mzigo wangu uubebe, na mimi nabaki nyumbani na ufunguo. Hapana. Nimefanya hivyo mara moja na mtu mwema kuliko mimi.

Barua hii nitaiweka chini ya kikombe chako, uisome asubuhi kabla ya kuondoka. Huna haja ya kunijibu. Unaweza kukasirika, una haki, na wewe ni mama yangu kwa jina. Mama ana ruhusa ya kumkasirikia mwanawe. Mimi nitakuwa hapa kwenye benchi. Nitakuwa nimevaa viatu, vile vya mlima, mama yako amevitoa chini ya kitanda na kuvipangusa. Goti halipandi tena, lakini kufika Naro Moru na kutembea kutoka barabarani mpaka getini kwake linaweza, kama tutaenda polepole.

Ukitaka kwenda peke yako, pita tu na begi lako. Sitauliza, na wala sitakufuata. Nitatafuta siku yangu mwenyewe, na mara hii sitanunua viazi. Lakini ukiniita, nitasimama. Nitamwambia Muriuki mbele yako, na mbele ya wapagazi wake kama watakuwepo, kwa sababu lile lingine nililisema mbele ya watu. Nitamalizia ile sentensi.

Cha kwako kiweke katikati ya nguo. Hicho kingine usikiguse, kiache hapo mezani. Nitakibeba mwenyewe, upande wa kivuli.

Baba yako